Daktari akiuliza "unaendeleaje?", usimjibu "nzuri"

Ndugu washauri, salaam.

Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Rau, nauza mitumba Kiboriloni hapa Moshi. Nina sukari na presha, huu mwaka wa sita. Kila mwezi nahudhuria kliniki. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri bila kula, napimwa, nakaa foleni, na saa nne au saa tano ndiyo naingia kwa daktari. Humo ndani sikai hata dakika tano. Ananiuliza mama unaendeleaje, namjibu naendelea vizuri tunamshukuru Mungu, anatazama faili, anaandika, ananiambia presha bado iko juu nakuongezea dawa, natoka. Nikifika getini ndipo maswali yote yananijia.

Kuna mambo sijawahi kumwambia. Metformini 500 nimeandikiwa kutwa mara mbili, lakini ya asubuhi mara nyingi naiacha kwa sababu inaniharisha na sokoni choo kiko mbali. Goti la kulia linanitesa, nameza diklofenaki za duka la dawa, moja asubuhi moja jioni, karibu kila siku tangu Pasaka. Miezi mitatu iliyopita sukari ilikuwa 13, nikaongezewa glibenklamaidi ya asubuhi. Tangu hapo mara tatu nimetetemeka na kulowa jasho nikiwa kibandani, mara moja jirani yangu ikabidi anishike. Presha ya mwisho ilikuwa 168 kwa 96, amlodipini ikatoka 5 ikawa 10, na sasa miguu inavimba, ikifika jioni viatu havinienei.

Nilimwambia binti yangu kwamba safari hii nitauliza. Akasema, mama, usiende kumfundisha daktari kazi yake, atakuchukia. Daktari mwenyewe ni kijana mwenye adabu, ananiamkia vizuri, ila nikikaa mbele yake mdomo unakuwa mzito. Je, kuuliza kunasaidia kitu kweli, au nitaonekana mjuaji? Na nianzie wapi?

Mama wa Kiboriloni, Moshi

JIBU

Mama, shikamoo. Barua yako ina mambo mawili ambayo hayawezi kungoja tarehe ya kliniki, tuyatoe kwanza.

Huko kutetemeka na kulowa jasho, kwa mtu anayemeza glibenklamaidi, hasa akishinda na njaa, chukulia kwamba ni sukari imeshuka. Dawa hiyo inailazimisha kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala. Kwa hiyo imeze chakula kikiwa mezani, na siku ambayo hujala asubuhi usiimeze. Hali ikikurudia, pima kama una mashine; ikiwa chini ya 4, au kama mashine huna, usipoteze muda. Koroga vijiko vinne vya chai vya sukari, vya kusawazisha si vya kujaza, kwenye nusu glasi ya maji, unywe. Nusu ya chupa ya soda yenye sukari ya mililita 350 inafanya kazi ileile. Kaa dakika 15. Kama bado, rudia. Ukishatulia kula chakula chenye wanga, ndizi au ugali, kwa sababu glibenklamaidi inakaa mwilini kwa saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena jioni ileile. Na huyo jirani yako wa kibandani mwambie mapema: akikukuta umepoteza fahamu au huwezi kumeza, asikumiminie kitu mdomoni, akukimbize hospitali. Mara tatu ndani ya miezi mitatu ni nyingi. Nenda wiki hii.

Diklofenaki iache leo. Inaufanya mwili ushike chumvi na maji, inapandisha presha, na kwa mtu mwenye sukari na presha pamoja inaumiza figo polepole bila maumivu yoyote ya kukushtua. Kwa goti tumia parasetamoli za miligramu 500, mbili kwa wakati mmoja, ukipisha angalau saa sita, zisizidi nane katika saa 24, mpaka uonane na daktari. Mwenye shida ya ini au anayekunywa pombe kila siku, mbege ikiwemo, amuulize mfamasia kwanza, maana kiwango chake ni cha chini. Dawa zako nyingine usiziache wala usizipunguze mwenyewe. Miguu nayo, ukivimba mmoja tu huku unauma, au ukakosa pumzi ukilala chali, hiyo ni dharura, si suala la kliniki.

Sasa swali lako. Jitie nafasi ya daktari, ufungue faili lako.

Anaona sukari 13 kwa mgonjwa anayemeza metformini kutwa mara mbili. Hajui kwamba unameza nusu. Kwake dawa imeshindwa, na dawa ikishindwa huongezwa nyingine. Ndivyo ilivyoingia glibenklamaidi. Anaona 168 kwa 96 juu ya amlodipini 5. Hajui kwamba kila asubuhi na jioni kuna diklofenaki inayoisukuma presha juu. Anapandisha hadi 10. Amlodipini inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu, na kwa 10 zaidi kuliko kwa 5. Mwezi ujao ukimwonyesha miguu hiyo peke yake, bila yaliyotangulia, anaweza kukuandikia dawa ya kukojoa, ambayo uvimbe wa aina hiyo haiupunguzi sana, lakini itakukimbiza chooni siku nzima, nawe choo chako kiko mbali. Kidonge kinazaa kidonge. Katika mlolongo wote huo daktari hajakosea hata hatua moja kwa taarifa alizonazo. Taarifa ndizo pungufu, na zilizobaki unazo wewe.

Kwa hiyo binti yako mwambie kwamba kumweleza daktari unachomeza si kumfundisha kazi. Maelezo ya mgonjwa ndiyo sehemu kubwa ya kazi yenyewe. Uchunguzi mmoja uliochapishwa Uingereza mwaka 1975 ulifuatilia wagonjwa wapya 80, na kwa 66 kati yao maelezo yao peke yake, kabla ya kuguswa mwili na kabla ya maabara, yalitosha kuonyesha ugonjwa ambao mwishoni ndio uliothibitika.

Ugumu wa kwetu unaanzia kwenye salamu. Tumelelewa kwamba mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri, hata kama umefiwa. Mabaya yanakuja baadaye, taratibu, mkishakaa. Chumba cha daktari hakina "baadaye". "Unaendeleaje?" ya mlangoni ni salamu, ijibu kama salamu. "Unaendeleaje?" ya pili, faili likiwa wazi na kalamu mkononi, ni swali la kitabibu, na ukijibu "vizuri tunamshukuru Mungu" anaandika kwamba huna malalamiko. Sentensi hiyo fupi inabaki kwenye faili, na mwezi ujao daktari mwingine ataisoma na kuiamini. Ndugu yake wa pili ni "asante daktari, nimeelewa", inayosemwa kwa heshima wakati hujaelewa. Hayo mawili, kwa maoni yetu, yanaumiza wagonjwa wa sukari na presha kuliko ukali wa daktari yeyote.

Kuhusu kuonekana unampotezea muda: Marekani mwaka 1984 walirekodi mazungumzo ya chumba cha daktari na kukuta kwamba madaktari walimkatiza mgonjwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18. Inatisha, lakini sikia upande wa pili. Basel, Uswisi, mwaka 2002, madaktari waliombwa wanyamaze wamwache mgonjwa aseme mpaka amalize. Wagonjwa walikuwa 335. Wastani wa maelezo yao ulikuwa sekunde 92, na asilimia 78 walimaliza ndani ya dakika mbili. Dakika mbili zinatosha, na hata foleni ya kliniki yako inazibeba. Na kama inasaidia kitu: watafiti Greenfield na Kaplan, huko huko Marekani, mwaka 1988 walichapisha jaribio la wagonjwa wa sukari waliokaa na msaidizi kama dakika 20 kabla ya kuingia kwa daktari, wakapitia faili lao, wakafanya mazoezi ya kuuliza. Sukari yao ya muda mrefu (wastani wa miezi michache) ilishuka, ya wenzao ambao hawakufanyiwa hivyo haikushuka. Hawakubadilishiwa daktari. Walibadilisha walichoingia nacho mlangoni.

Basi dakika 20 hizo zifanye nyumbani, jioni ya kuamkia kliniki. Chukua mfuko au kikapu, utie kila kitu unachomeza au kunywa: vidonge vya kliniki na bahasha zake, vile vya duka la dawa, dawa ya mafua, mizizi, unga wa majani, chupa ya kienyeji uliyopewa na shangazi. Mitishamba msiione aibu kuileta. Mingine inashusha sukari yenyewe, ikikutana na glibenklamaidi unaanguka. Hesabu vidonge vilivyobaki. Ukipewa metformini 60 za siku 30 na zimebaki 25, hiyo namba 25 ina thamani kuliko maelezo marefu, na haina ubishi.

Kisha karatasi. Andika mambo matatu tu, la hatari zaidi likiwa juu. Ukiwa na kumi, daktari atachukua mawili anayoyapenda yeye na mengine yatapotea. Kwako wewe tungeyapanga hivi: kwanza, "natetemeka na kutoka jasho sokoni, mara tatu, saa fulani, nikiwa nimekula au sijala", pili, "metformini ya asubuhi naiacha, inaniharisha", tatu, "nilikuwa nameza diklofenaki mbili kwa siku tangu Pasaka, nimeacha tarehe fulani, na miguu imevimba tangu amlodipini ipande". Ona kwamba kila moja lina kitu gani, mara ngapi, tangu lini. "Najisikia vibaya vibaya tu" haimwongozi mtu popote.

Presha nayo ipeleke ikiwa imepimwa. Mashine ya mkono wa juu, siyo ya kifundo cha mkono, ya kwako au ya duka la dawa lililo jirani, siku saba kabla ya kliniki, asubuhi kabla ya dawa na jioni, mara mbili kila safari ukipisha dakika moja. Mkojo utoke kwanza, kibofu kikijaa presha inapanda. Kahawa iwe imepita nusu saa. Kaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjana, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, na kitambaa cha mashine kikae juu ya ngozi, si juu ya sweta. Sweta la asubuhi ya Moshi ndilo linaharibu vipimo vingi. Siku ya kwanza usiihesabu. Nyumbani tunatafuta chini ya 135 kwa 85. Karatasi hiyo inamwonyesha daktari kama 168 ndiyo presha yako ya kila siku au ni ya mtu aliyepanda daladala, akapanda ngazi na kukaa foleni kwa saa nne.

Asubuhi ya kliniki watu wengi wanakosea hapa: wanaacha dawa zote kwa sababu wameambiwa waje na njaa. Njaa ni kwa ajili ya kipimo cha sukari. Dawa ya presha imeze kama kawaida na maji matupu, hayavurugi kipimo. Ukiiacha utapimwa presha ya mtu asiyetumia dawa, na dozi itapandishwa bure. Metformini na glibenklamaidi zibebe pamoja na chakula, ukishachukuliwa damu ule hapo hapo benchini na kumeza. Usikae mpaka saa tano.

Binti yako usimkatae kabisa, mpe kazi. Nenda naye, lakini mpatane mapema kwamba wewe ndiye unayeongea, yeye anaandika. Mtoto akianza kujibu kwa niaba yako, daktari atamgeukia yeye, na wewe utarudi kuwa mzigo uliosindikizwa.

Ukiingia, itikia marahaba yako, kaa, kisha kabla hajaanza kuandika sema: "Daktari, leo nina mambo matatu, naomba niyataje yote kwanza." Yataje mfululizo, kwa ufupi, ukiweka mfuko wa dawa mezani. Kuyataja yote mwanzoni ni muhimu kuliko unavyodhani. Jambo zito likitajwa mwishoni, mkono ukiwa kwenye kitasa, "halafu daktari, kuna kitu kimoja…", linapata jibu la mtu aliyesimama.

Akishaamua, uliza kwa adabu ya kawaida, wala huhitaji maneno ya kitaalamu. Namba yangu ya leo ni ngapi na tunataka ifike ngapi? Dawa hii mnaongeza kwa sababu gani? Nikisahau siku moja nifanye nini? Dalili gani nisingoje tarehe? Kwa hali yako ongeza mawili. Muulize kama metformini yako inaweza kuanza upya kwa dozi ndogo baada ya chakula na kupandishwa polepole kwa wiki kadhaa, au kama ipo ile inayoyeyuka taratibu, kwa sababu tumbo huvumilia zaidi hivyo. Na muulize kuhusu glibenklamaidi kwa umri wako: orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema haifai kwa waliovuka miaka 60, nawe una 58 na imeshakuangusha. Kuna gliklazaidi, ambayo ni ya jamii hiyohiyo lakini hatari yake ya kushusha sukari ni ndogo. Kwa kuwa metformini ulikuwa unaiacha kwa sababu ya tumbo, huenda hata hiyo gliklazaidi isihitajike pindi tumbo likitulia na ukaimeza yote. Hilo ni la daktari kuamua, lakini hataliamua kama hajui. Vilevile kama dawa unaziacha kwa sababu ya pesa, sema pesa. Ziko dawa za bei nafuu za kundi lilelile, na aibu ya dakika moja ni ndogo kuliko figo.

Kabla ya kusimama mwambie: "Naomba nirudie ulivyonielekeza, unisahihishe." Rudia dawa moja moja kwa sauti. Makosa mengi yanakamatwa hapo, na hakuna daktari tunayemjua anayechukia mgonjwa anayerudia maelekezo yake.

Mengine ya mwaka tuyapitie haraka. Ulizia lini mara ya mwisho ulipimwa sukari ya miezi mitatu (wastani wake, HbA1c), figo (kwa damu na kwa mkojo), na macho kwa kutiwa dawa ya kupanua mboni. Miguu ivue viatu na soksi ukiwa bado kwenye foleni; daktari akikuta nyayo ziko wazi ataziangalia, akikuta viatu vimefungwa mara nyingi ataacha. Na kama utapewa rufaa, mathalani kutoka kituo cha afya kwenda hospitali ya Mawenzi au KCMC, karatasi yako ya presha na orodha ya dawa ziende nawe mkononi, usitegemee kwamba faili litakutangulia.

Kituo cha mwisho ni dirisha la dawa, na hapo usiondoke na bahasha usiyoisoma. Ile 1x2 iliyoandikwa kwa kalamu maana yake ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku. 2x1 ni viwili mara moja. Wapo wanaozichanganya kila siku. "Kutwa mara mbili" ni kila baada ya saa 12, siyo mbili kabla jua halijazama. Ukiona imeandikwa 8:00, hiyo ni saa mbili yetu, si saa nane. Mwombe mfamasia aandike kwa maneno juu ya kila bahasha, "asubuhi baada ya chakula", "usiku", na aseme hiyo mpya inachukua nafasi ya ipi. Ile iliyobadilishwa mrudishie pale pale, au itoe mfukoni kabla hujafika Rau, maana ikibaki kabatini mtaimeza zote mbili.